Vidole vya mbanguaji korosho na hesabu za profesa wa Michigan

Desemba 2019, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mama yangu mdogo alifunga safari kutoka Mingoyo kwenda Lindi mjini kusajili laini yake ya simu kwa alama za vidole. Namba yake ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakikunja na kukifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Foleni ilianzia barazani ikazunguka mpaka chini ya mwembe. Zamu yake ilipofika, saa nane mchana, kijana wa mezani akamwambia aweke dole gumba. Mashine ikakataa. Weka tena. Ikakataa. Akaambiwa ajifute kwa kanga, akajifuta. Akaambiwa apulizie kidole pumzi, akapuliza. Mtu wa nyuma yake akasema limao ndiyo dawa, likaletwa limao. Dole gumba la kulia, la kushoto, kisha vidole vya shahada, vyote viwili.

"Mama, vidole vyako havipo," kijana akasema mwishowe.

"Havipo? Na hivi nini?" Akamtandazia vyote kumi juu ya meza.

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, maana angefanyaje. Lakini usiku ule aliponisimulia kwa simu ya jirani, kilichomkaa rohoni ni neno aliloagwa nalo: "Nenda kaoshe mikono vizuri, ndiyo urudi."

Mama mdogo anabangua korosho tangu mimi niko shule ya msingi. Aliyewahi kupita Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, amewahi kununua kifuko kutoka kwa mikono kama yake. Korosho ghafi humwagwa kwenye bati juu ya moto mpaka zinalipuka ndimi, moshi mweusi unaokaba koo, halafu zinamwagwa mchangani zipoe. Mkono wa kulia unashika chuma, wa kushoto unaishikilia korosho juu ya jiwe kwa dole gumba na cha shahada. Pigo moja la wastani, ganda linapasuka. Ukizidisha, punje imevunjika na bei imeshuka. Ndani ya ganda mna mafuta mazito ya rangi ya udongo, na humo mna asidi inayounguza ngozi. Moto huyapunguza tu, hauyamalizi. Viwandani mafuta hayohayo hukamuliwa yakaenda kutengenezea rangi na breki za magari. Kwa mama mdogo kinga ni majivu anayojipaka viganjani. Kufikia Desemba, ncha za vidole vyake, hasa vya mkono wa kushoto, ni nyeusi, laini kama kiatu kilichopigwa rangi, na zinang'aa.

Ndiyo maana naandika habari za profesa ambaye sidhani kama amewahi kusikia kuna mahali panaitwa Mingoyo.

Anil Jain alisomea uhandisi katika taasisi ya teknolojia ya Kanpur, India, akamaliza mwaka 1969. Akaenda Marekani, akachukua udaktari wa falsafa Ohio State mwaka 1973, na tangu 1974 jina lake limekuwa la Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Alianza na somo linaloitwa utambuzi wa ruwaza, yaani kuifundisha kompyuta kuona mpangilio ndani ya fujo: hizi nukta ni kundi moja, zile ni jingine. Miaka mingi hiyo ilikuwa hesabu tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaingia kwenye alama za vidole, na hakutoka tena. Ukitaka kujua kompyuta inakitazamaje kidole chako, nusu ya unachohitaji kusoma kimepita mezani kwake au kwa wanafunzi aliowalea.

Kinachofanyika ni rahisi kueleza. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta, kama shamba lililolimwa kwa mikunjo. Programu haikitazami kidole kizima kama sisi tunavyotazama sura. Inatafuta mahali tuta linapokatika na mahali linapogawanyika mara mbili, inaweka nukta, inapima umbali na pembe kati ya nukta hizo. Ukirudi kesho ukaweka kidole, inachora nukta upya, inazilaza juu ya zile za mwanzo na kutoa maksi. Maksi zikivuka kizingiti, wewe ni wewe. Zisipovuka, taa nyekundu.

Hapo kwenye kizingiti ndipo penye siasa yote, ingawa wataalamu hawapendi kuliita hivyo. Mashine haisemi "huyu ni Fulani". Inasema "zimefanana kwa kiasi hiki". Ni binadamu aliyeamua kiasi gani kinatosha. Ukikipandisha kizingiti, matapeli wanabaki nje, lakini na wenye haki wengi wanabaki nje pamoja nao. Ukikishusha, wenye haki wanaingia, na wezi wachache wanapenya. Hakuna mahali pa kukiweka ambapo makosa yote mawili yanaisha. Vitabu vya fani hii, cha Jain na wenzake wa Italia kuhusu alama za vidole cha mwaka 2003 kikiwa cha mbele, vinalisema hilo wazi, tena vinaongeza hesabu ya tatu: idadi ya watu ambao mfumo umeshindwa kabisa kupata kwao alama inayofaa. Hesabu zote tatu zinaandikwa kwenye daftari la mfumo. Ni makosa ya mfumo, yanapimwa kwa asilimia, na mtengenezaji ndiye anayeulizwa.

Sasa itazame safari ya kosa hilohilo. Kwenye maabara ya Michigan linaitwa kushindwa kwa mfumo. Linavuka bahari, linapita ofisi za Dar es Salaam, linateremka na barabara ya Kibiti na daraja la Mkapa, na likifika kwenye meza chini ya mwembe Lindi limeshageuka kuwa uchafu wa mama mdogo. Hapo katikati nani kaligeuza? Kijana wa mezani simlaumu sana. Yeye kapewa kifaa na malengo ya siku, hakupewa neno la kumwambia mtu ambaye kifaa kimemshindwa. Mtu asiye na neno hutumia lile lililo karibu, na lililo karibu siku zote ni "osha mikono".

Kuna utafiti mmoja wa Jain ambao ningeombwa kuchagua kimoja tu cha kubandika ukutani kwenye kila kibanda cha usajili, ningebandika huo. Mwaka 2015, yeye na Soweon Yoon walichapisha uchunguzi wa alama za vidole za watu 15,597, kila mmoja akiwa amechukuliwa alama mara tano au zaidi kwa miaka isiyopungua mitano. Swali lilikuwa lile ambalo mahakama na polisi walilichukulia kama imani kwa zaidi ya miaka mia: ni kweli alama ya kidole haibadiliki? Jibu lilikuwa na pande mbili. Maksi za kufanana hushuka kidogo kadiri miaka inavyosogea, lakini mfumo unaendelea kumtambua mtu hata baada ya miaka 12. Hiyo ni habari njema, na ndiyo iliyonukuliwa. Upande wa pili ni huu: alama moja ikiwa hafifu, au zote mbili, uhakika huo unayumba. Ubora wa alama siku ile ndio unaoamua, kuliko miaka iliyopita.

Alama hizo zilitoka kwenye kumbukumbu za polisi wa Michigan. Watu waliokamatwa zaidi ya mara moja, mikono ya kila namna, sawa. Ila Michigan hawabangui korosho.

Mama mdogo alichukuliwa alama za kitambulisho mwezi wa tano, masika yanaisha, wakati mikono yake imeshinda miezi kwenye mihogo na mbaazi na ngozi imerudi. Ngozi ya juu huota upya, maana ramani ya matuta imechorwa chini, kwenye ngozi ya ndani, tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake. Ukiunguza juu tu, baada ya wiki kadhaa matuta yanarudi palepale. Kwa hiyo serikali ina alama zake nzuri tu, za mwezi wa tano. Usajili wa laini ulipofika ukingoni, siku ya mwisho ikiwa 31 Desemba na baadaye kusogezwa hadi 20 Januari 2020, ilikuwa katikati ya ubanguaji. Waliopanga tarehe hiyo walikuwa na kalenda ya ofisi. Kalenda ya korosho ingewaambia kitu kingine, na Kusini hata mtoto wa darasa la pili anaijua, maana viatu vyake vya shule vinanunuliwa kwayo.

Liko jambo jingine ndani ya kazi za Jain lililonifanya niweke simu chini nikatembea kidogo uani. Mwaka 2012, yeye, Yoon na Jianjiang Feng walichapisha kazi kuhusu alama za vidole zilizoharibiwa makusudi. Walikusanya alama 4,433 za watu 270 waliojichana, waliojiunguza, waliojimwagia asidi ili wasitambulike. Jambazi John Dillinger alifanya hivyo Marekani mwaka 1934, na wapo waliomfuata. Jain na wenzake wakatengeneza kanuni ya kugundua kidole cha namna hiyo: matuta yanapopotea ghafla, mwelekeo unapovurugika, mfumo unyanyue mkono na kusema huyu anaficha kitu. Kazi safi, ya lazima kwa mipaka na polisi. Lakini fikiria kanuni kama hiyo ikishaingia kwenye mashine za kawaida, kisha aje mwanamke kutoka Mingoyo ambaye asidi imempitia vidoleni kwa sababu anatafuta ada ya mtoto. Machoni pa kanuni, ni kipi kitakachomtofautisha na Dillinger?

Simwekei profesa maneno mdomoni, wala simtuhumu. Kinyume chake. Ukizipanga kazi zake kwa miaka utaona mtu anayerudi kila mara kwenye swali moja: nani hasomeki, na kwa nini. Mwaka 2012 huohuo, akiwa na Brendan Klare na wengine, walizijaribu programu sita za kutambua sura. Zote sita zilifanya vibaya zaidi kwa wanawake, kwa watu weusi na kwa vijana wa miaka 18 hadi 30. Hiyo ni miaka sita kabla watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru hawajatikisa kampuni kubwa kwa kuonyesha programu za kubaini jinsia kwa sura zikikosea mpaka asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kwa wanaume weupe kosa likiwa chini ya asilimia moja. Jain na wenzake walionyesha pia kwamba programu ikifundishwa kwa sura za kundi husika, makosa hupungua. Kwa maneno mengine, mashine haikuzaliwa kipofu kwa watu weusi, ilinyimwa kuwaona.

Na kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya watoto wachanga. Watoto wengi duniani hawana karatasi yoyote, kadi ya kliniki inaliwa na panya au inalowa, na mhudumu hajui huyu kichanga alishachomwa chanjo ipi. Jain na wanafunzi wake walikwenda kwenye hospitali ya Dayalbagh, Agra, kuchukua alama za vidole za vichanga. Hebu jaribu kukishika kidole cha mtoto wa mwezi mmoja aliyekunja ngumi, mwenye jasho, anayelia. Skana za kawaida hunasa nukta 500 kwa inchi, na kwa kidole hicho ni bure. Hawakuwaambia kina mama wakaoshe watoto wao vizuri. Walirudi maabara, wakatengeneza skana yao wenyewe inayonasa nukta 1,900 kwa inchi, wakaandika programu upya kwa ajili ya matuta membamba kama uzi, wakarudi Agra.

Profesa yuleyule, fani ileile. Kidole hakikusomeka, wakabadilisha mashine. Tofauti na chini ya mwembe ni kwamba Agra aliyekuwa na tatizo alikuwa mtafiti, na Lindi aliyekuwa na tatizo alikuwa mama mdogo.

Nchi aliyozaliwa Jain ina somo jingine la karibu yetu. Sehemu kubwa ya korosho zetu ghafi hupanda meli kwenda India na Vietnam, na wanawake wa Kollam, jimbo la Kerala, wamezibangua kwa vizazi, na vidole vyao navyo ni vyeusi. India ilipoanza kugawa namba zake za utambulisho, Aadhaar, mwaka 2010, kwa watu waliokuja kupita bilioni moja, ilichukua vidole kumi, sura, na mboni zote mbili. Mboni ni kazi ya profesa mwingine, marehemu John Daugman wa Cambridge, ambaye kanuni yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 inageuza michirizi ya jicho kuwa tarakimu 2,048 za sifuri na moja. Huyo anastahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba nchi yenye wakulima na wabanguaji wengi iliona mapema kwamba kidole peke yake hakitoshi. Hata hivyo walilia. Zipo familia zilizorudishwa mikono mitupu kutoka maduka ya mgawo wa chakula kwa sababu kidole cha baba hakikusoma, na kesi ya Aadhaar ikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 2018.

Wapo watakaoniambia kwamba napinga usajili. Sipingi. Nani kati yetu hajapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Laini zisizo na mwenyewe zimewalia watu akiba za msimu mzima, na mtu aliyelizwa hivyo hataki kusikia mahubiri ya haki za vidole. Ninachokataa ni kuhamisha deni. Mfumo ukishindwa kumtambua mtu, mzigo wa kuthibitisha uwe wa mfumo. Kitambulisho kilichukua vidole kumi, basi vijaribiwe vyote kumi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa mbanguaji hakigusi ganda wala jiwe, ni kisafi mwaka mzima, lakini mezani hawakukigusa. Sura ilipigwa picha, basi itazamwe. Na njia ya pili iwepo palepale kwenye foleni, isiwe kwenye ofisi ya mbali inayohitaji nauli nyingine na siku nyingine isiyo na kipato. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na tume yake. Sheria hiyo inaongea sana kuhusu kuzilinda taarifa za mtu zisivuje. Mimi ningependa tuulize pia habari za mtu ambaye taarifa zake zimefungiwa salama kabisa, kiasi kwamba yeye mwenyewe hawezi kuzifikia.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekaa miaka mingi wakiuchunguza mkorosho: ugonjwa wa ubwiriunga, mbegu bora, dozi ya salfa. Mti wetu una wataalamu wake. Mikono inayoibangua korosho nayo ni data, tena data adimu duniani, na mwanafunzi wa kompyuta aliyezaliwa Masasi au Tandahimba anayo pembeni ya jiko la kwao. Achukue alama za watu walewale Mei, Oktoba, Desemba na Machi, kwa ridhaa yao na kwa malipo yanayoeleweka, apime maksi zinashuka lini na kurudi lini, kidole kwa kidole. Skana ya nukta 500 ni kitu cha kununulika. Hiyo ni shahada ya uzamili kamili, na ni kazi ambayo kule Michigan wasingeweza kuifanya hata wangetaka.

Bibi yangu, mama yake mama mdogo, alizaliwa Newala na alikuwa na nembo usoni, chale za Kimakonde kwenye paji la uso na mashavu. Jain aliwahi pia kutafiti namna kompyuta inavyoweza kulinganisha michoro ya ngozini, ile tatuu ambayo polisi wa Marekani huitumia kumtambua mtuhumiwa. Nilipoisoma nilimkumbuka bibi. Alama ile aliwekewa na watu wake, ili popote atakapokwenda ajulikane ni wa wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia haisomeki.

Laini ya mama mdogo ilizimwa Januari ile. Ndani yake mlikuwa na pesa za kikoba, yeye akiwa mweka hazina. Miezi mitatu nilimtumia matumizi kwa namba ya jirani, na jirani naye hakukosa "ya soda". Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea na bati la kubangulia limelala kifudifudi nyuma ya nyumba, alirudi Lindi. Foleni haikuwepo tena. Kijana alikuwa yuleyule, mashine ileile. Akaweka dole gumba mara moja, taa ikawaka kijani.

"Umeona sasa, mama?" kijana akamwambia, akitabasamu kwa nia njema kabisa. "Siku ile hukunawa vizuri."